Kuivizia Hitilafu

Gari lililokufa kabisa halimtishi fundi. Limelala, atalifuata waya kwa waya hadi aone umeme ulipokatikia au petroli ilipokwamia. Linalomtoa jasho ni gari zee linalozima lenyewe njiani baina ya Jinja na Mbale, likagoma robo saa kando ya mashamba ya mpunga ya bonde la Mpologoma, kisha likawaka kwa swichi moja na kufika chini ya mlima Wanale bila kukohoa. Likiingia gereji halina ugonjwa wowote. Homa ya malaria ina tabia hiyo: usiku mgonjwa anatetemeka, asubuhi amekaa mbele ya daktari akiwa mzima, na matabibu wa zamani walijifunza kuuliza kwanza saa ya homa. Fundi ninayemsifu hapa ni yule anayeuliza saa.

Magari ya aina hiyo ni mengi mashariki mwa Uganda. Tangu mwaka 2018 sheria inakataza kuingiza nchini gari lililopitisha miaka 15 tangu liundwe, lakini haikuyaondoa yale yaliyokwisha kuingia. Corolla za miaka ya 1990, ambazo Waganda wanaziita kikumi, bado zinabeba walimu, matoke na maharusi. Koili imefichwa ndani ya distributa, na distributa yenyewe imefungwa kwenye kichwa cha silinda, penye joto jingi. Ignaita, kile kisanduku kinachoiwasha na kuizima koili, imekazwa kwa boliti kwenye bodi. Ukiyajumlisha hayo na jua la saa nane, vumbi, na nyaya ambazo zimekunjwa na mafundi wengi, usishangae gari likizima. Shangaa kwamba linafika.

Shemeji yangu wa Jinja ana gari kama hilo, la gia za mkono. Lilianza kuzima njiani kuelekea Mbale, na kabla halijafika kwa fundi wa Namatala, mjini Mbale, lilikuwa limebadilishiwa pampu ya petroli, filta na plagi zote. Kila kifaa kilitolewa kwenye gari lililochinjwa, kila kimoja kwa ahadi kwamba tatizo limekwisha. Pampu ilibadilishwa kwa sababu mtu aliangalia nozeli gari likiwa limegoma, akaona hazitoi petroli. Aliona sawasawa. Ila kwenye injini hizi kompyuta husubiri jibu la ignaita kila cheche inapopigwa, na isipolipata inakata petroli makusudi. Kwa hiyo hitilafu ya umeme inavaa sura ya hitilafu ya mafuta, na pampu isiyo na kosa inatupwa.

Fundi wa Namatala hakufungua boneti. Alivuta benchi, akamkalisha shemeji, akaanza kuuliza. Lilizima kwa mkato au lilikohoa kwanza? Taa za dashibodi zilibaki? Redio iliendelea? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Halafu likaja swali ambalo shemeji hakuwahi kuulizwa: "Mzee, gari likiwa bado linakwenda kwa kasi yake, gia haijatolewa, mshale wa mizunguko ulishuka taratibu au ulianguka?"

Swali hilo lina thamani kubwa kuliko sanduku zima la spana. Gia ikiwa ndani, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini hata baada ya moto kuzimika. Kwa gari hili mshale wa mizunguko unapata habari zake upande wa cheche. Kama petroli ndiyo iliyokatika, cheche bado zinapigwa, na mshale utashuka polepole kadiri gari linavyopunguza mwendo. Ukianguka sifuri huku injini ingali inazunguka, cheche ndizo zilizokufa. Shemeji alifumba macho akakumbuka: ulianguka. Nusu ya gari ikawa imeondolewa kwenye mashaka, na hakuna boliti iliyolegezwa.

Kukumbuka peke yake hakukumtosha fundi. Alifunga kitaa kidogo cha balbu kwenye waya wa pampu, akakipitisha dirishani hadi mbele ya kioo, tukaondoka wanne kuelekea Budaka saa nane mchana, vioo juu, boneti imefungwa vizuri ili joto lisitoroke. Aliliombea gari lizime. Lilipozima, mshale ulianguka, kitaa kikabaki kinawaka mpaka magurudumu yaliposimama. Pampu ilikuwa inapata umeme wake. Kando ya barabara aliunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ya soketi ya uchunguzi, TE1 na E1, akahesabu taa ya injini inavyopepesa: mara moja, kimya kifupi, mara nne. Namba 14, yaani kompyuta haipati jibu la ignaita.

Hapo mafundi wengi wangenunua ignaita, na yeye alikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Alilowesha kitambaa, akakibandika juu ya kisanduku, gari likawaka. Tulishangilia. Yeye hakushangilia. Aliacha injini ipate moto tena, na gari lilipozima alimwagia kisanduku maji kutoka kwenye chupa, bila kukigusa. Halikuwaka. Akachukua kijiti kikavu, akakisukuma kisanduku kidogo tu. Likawaka.

Nimesoma maelezo mengi ya utafiti wa kisayansi, na si mara nyingi nimekuta jaribio safi kuliko lile. Kitambaa kilikuwa kimefanya mambo mawili kwa pamoja, kupoza na kusukuma, na yule bwana alikataa kulipa jambo la kwanza sifa ya jambo la pili. Ignaita ile hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia boliti inayoishika kwenye bodi. Chini ya boliti palikuwa na kutu. Chuma kikipata joto kinatanuka, mguso unapotea. Kikipoa kwa robo saa unarudi. Dawa ilikuwa msasa na kukaza boliti.

Kule ambako kifaa kipya kinafika siku ya pili ndani ya boksi lake, fundi anaweza kubadilisha na kuona. Mbale hawezi, au hapaswi. Ignaita ya kununua ina umri ule ule wa iliyotolewa, na imepita kwenye joto lile lile. Ukiifunga umeongeza shaka la pili juu ya la kwanza. Hii ndiyo sababu naamini mafundi bora wa uchunguzi wanazaliwa mahali penye uhaba. Uganda ilipitia uhaba huo kwa ukali baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972: biashara nyingi za vipuri Jinja na Mbale zilikuwa mikononi mwao, na kilichobaki rafuni kilipoisha, fundi alilazimika kukijua kifaa badala ya kukibadilisha.

Sisi wenye magari tuna deni hapa. Tunalipa kwa moyo mweupe tukionyeshwa kifaa cha zamani kilichong'olewa, kichafu, chenye mafuta. Fundi akikaa nusu siku anauliza na kutazama, kisha akatumia msasa, tunaona ametudhulumu. Kwa tabia hiyo tunawafundisha vijana wa gereji kwamba kubahatisha kunalipa na kufikiri hakulipi. Kule Jinja kiwanda cha Kiira Motors kinaunda mabasi ya umeme, yasiyo na plagi wala distributa, lakini boliti za ethi na soketi zinazotikiswa na barabara yatakuwa nazo, na yatahitaji watu waliozoea kulipwa kwa kufikiri.

Msasa ulipokwisha kupita na boliti kukazwa, shemeji alitoa pochi. Fundi alimzuia. Alikifunga tena kile kitaa mbele ya kioo, akamwambia kesho saa nane tutakwenda Budaka na kurudi, vioo juu. Tulikwenda. Njiani kijana wake wa kazi aliambiwa aeleze kwa nini pampu haikuwa na kosa, akaeleza, akakosea palipohusu mshale, akasahihishwa. Gari lilichemka, likapita pale lilipozimia jana, likarudi Namatala likinguruma. Ndipo fundi akataja bei.