Tangi Bila Mchanga: Hoja Iko kwenye Fosforasi

Ubishi kuhusu mchanga katika matangi ya matumbawe umekuwa ukiamuliwa kwa kipimo kisichofaa. Tangu miaka ya 1980 wafugaji wa Ulaya, na baadaye wa Marekani, wameulizana swali moja: naitreti itashuka zaidi kwa nani, kwa aliyelaza tabaka nene la mchanga au kwa aliyeacha sakafu ya tangi tupu? Kwa swali hilo mchanga una haki ya kujivuna. Lakini naitreti ni nusu ya hesabu, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu nzito ni fosforasi. Ukiifuata hiyo kuanzia kwenye chakula cha samaki hadi inakoishia, utaona kwa nini tangi la matumbawe ya matawi, yale yanayojenga mifupa kwa kasi na kudai maji safi, hukaa vizuri zaidi bila mchanga. Nataja matumbawe ya matawi kwa makusudi, kwa kuwa hoja hii haihusu kila tangi.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyofuga samaki wa baharini kwa kutumia mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe wake, mwanga wa jua na mapovu ya hewa. Mawe hai yamebaki kuwa moyo wa ufugaji huu hadi leo. Mjini Berlin, Dietrich Stüber na wenzake waliongeza taa kali, maji ya chokaa na mtambo wa kutenga povu. Sakafu waliiacha tupu au wakaitandika mchanga kidogo tu. Huko Monaco, mwishoni mwa miaka ya 1980, Jean Jaubert alishika njia nyingine: mchanga mnene wa matumbawe, chini yake nafasi ya maji yaliyotulia, na usafishaji ukaachiwa bakteria. Marekani iliegemea upande wa mchanga kwa namna yake, hasa Ronald Shimek, mtaalamu wa wanyama wasio na uti wa mgongo, alipotetea tabaka la mchanga laini la sentimita 10 au zaidi lililojaa minyoo na vijidudu. Sakafu tupu ilipopata wafuasi wapya huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi waliiona kama uasi dhidi ya maumbile. Kumbe ilikuwa Berlin ileile, safari hii ikiwa na pampu zenye nguvu zaidi.

Tuanze pale mchanga unaposhinda. Samaki hutoa amonia. Bakteria wanaotumia oksijeni huigeuza kuwa naitriti, kisha naitreti. Chini ya uso wa mchanga, oksijeni inapokwisha, bakteria wengine huitumia naitreti yenyewe badala ya oksijeni, na naitrojeni yake huishia kuwa gesi. Gesi hupanda ikatoka majini, basi, imekwenda zake. Mawe hai nayo hufanya kazi hiyohiyo ndani ya vitundu vyake, ndiyo maana Berlin iliweza kuishi bila mchanga. Fosforasi haina mlango huo. Hakuna bakteria wa tangini atakayeigeuza gesi ikapaa. Ikishaingia, imeingia, mpaka itolewe kwa mpira wa kunyonyea uchafu, kwa mtambo wa povu, kwa kichujio cha kemikali au ndani ya mwani unaovunwa.

Chukua tangi la lita 400 ambalo samaki wake hula gramu 5 za chakula kikavu kwa siku. Chakula hicho kikiwa na fosforasi ya asilimia 1, hizo ni miligramu 50. Zote zikiyeyuka kama fosfeti, yaani fosforasi pamoja na oksijeni iliyoungana nayo, fosfeti ya maji itapanda kwa miligramu 0.38 kwa lita kwa siku moja, ilhali maji ya mwamba wenye afya baharini kwa kawaida hayafikii miligramu 0.03. Mlo wa siku moja tu, basi, unabeba zaidi ya mara kumi ya kile ambacho matumbawe yamezoea. Si yote yatayeyuka, kwa kuwa sehemu huingia katika miili ya samaki na matumbawe. Lakini sehemu kubwa hupita tumboni ikatoka kama kinyesi, na hapo ndipo suala la sakafu linapoanza: kinyesi hicho kitatua wapi?

Penye mchanga, kitatua katikati ya chembe, ambako mkondo haufiki. Minyoo watakimega, bakteria watakivunjavunja, na mwishowe fosfeti itaachiliwa. Sehemu yake hushikwa na chembe zenyewe, kwa sababu mchanga wa matumbawe ni kalsiamu kaboneti, na uso wa kalsiamu kaboneti huvuta fosfeti. Kwa miezi mingi, hata miaka, vipimo vya maji vitaonyesha usafi, na mwenye tangi ataamini kwamba mchanga unasafisha. Hausafishi, unaweka tu, kama shimo la choo linalofanya kazi vizuri miaka yote mpaka lijae. Tena ushikaji huo hurudi kinyumenyume: fosfeti ya majini ikishuka, chembe huanza kuiachia. Ndiyo maana mtu anayebadilisha maji kwa bidii katika tangi kuukuu hukuta baada ya siku chache fosfeti imerudi palepale na mwani umetanda. Wafugaji wa Marekani waliita hali hiyo ugonjwa wa uzee wa tangi, kana kwamba kosa ni la umri. Na madhara yake kwa mifupa ya matumbawe si dhana ya wafugaji tu. Mwaka 1979 Kinsey na Davies walichapisha matokeo ya jaribio lao katika One Tree Island, Australia: maji ya mwamba yaliporutubishwa kwa naitrojeni na fosforasi, ujenzi wa kalsiamu kaboneti ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Sakafu tupu hulijibu suala la kinyesi kwa kukikataza kutua. Kuondoa mchanga peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi huharibu: hutoa mchanga, huacha mawe yamelala kwenye kioo, kisha hushangaa uchafu ukijikusanya chini yake. Kwanza mawe huinuliwa juu ya miguu ya mabomba ya plastiki ili maji yapite uvunguni. Kioo cha sakafu hufunikwa kwa bamba la plastiki ngumu, jiwe likianguka lisikipasue. Kisha pampu. Kwa matumbawe ya matawi wafugaji hulenga mwendo wa maji wa mara 30 hadi 50 ya ujazo wa tangi kwa saa, yaani lita 12,000 hadi 20,000 kwa tangi letu la lita 400. Mkondo wa namna hiyo juu ya mchanga laini ungechimba mashimo upande mmoja na kuyafukia matumbawe upande wa pili, hivyo mwenye mchanga hulazimika kupunguza nguvu ya pampu kwa ajili ya sakafu. Asiye na mchanga hana kizuizi hicho. Uchafu huelea hadi ufurike kuingia tangi la chini, ambako hunaswa na mfuko wa kitambaa. Mfuko huo usipofuliwa kila baada ya siku chache, nao hugeuka ghala. Kinachosalia kwenye kona hunyonywa kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, na kwa kuwa sakafu ni nyeupe na wazi, kinaonekana.

Mtambo wa povu unastahili kuangaliwa kwa karibu, maana husifiwa kwa kazi usiyoifanya. Molekuli nyingi za mabaki ya chakula na ute zina ncha moja inayoyakimbia maji. Zikikutana na kiputo cha hewa hujishika kwenye uso wake, zikapanda nacho hadi kwenye kikombe cha juu. Fosfeti iliyokwisha kuyeyuka haina ncha hiyo, kwa hiyo mtambo hauikamati. Maana yake ni kwamba fosforasi inakamatika kirahisi ikiwa bado imo ndani ya kinyesi, mabaki na ute, kabla bakteria hawajaifungua. Kila saa ambayo uchafu unakaa mchangani ni saa ya kuelekea upande ambao mtambo hauwezi kitu. Sakafu tupu na mtambo wa povu ni kifaa kimoja. Ukinunua kimoja ukaacha kingine, umenunua nusu.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka baharini kwenyewe. Mwamba wa asili umezungukwa na mchanga, na mchanga huo una kazi. Utafiti wa Christian Wild na wenzake katika Heron Island, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2004, ulionyesha kuwa ute wa matumbawe hunasa chembe zinazoelea, huzama nazo hadi mchangani, na humo huvunjwavunjwa haraka, virutubisho vikarudi kwa viumbe. Iweje basi tangi likatae kilicho sawa baharini? Tazama mchanga huo uko wapi. Anayeijua pwani ya Diani au Jambiani anaujua mpangilio: ufuo, kisha maji ya kina kifupi yenye mchanga na majani ya bahari, kisha mwamba unaopigwa na mawimbi. Mengi ya matumbawe ya matawi yanayotamaniwa na wafugaji ni ya huko kwenye wimbi. Hata mchanga wa ndani ya mwamba haujatulia kama wa tangini, kwa maana mawimbi na maji kujaa na kupwa husukuma maji katikati ya chembe zake, na kinachotoka hupokewa na Bahari ya Hindi nzima. Anayelaza sentimita 10 za mchanga chini ya matumbawe ya mwambani ameyabana pamoja mazingira mawili yaliyotengana, na ameiacha nje bahari inayoyasuuza.

Pingamizi la pili ni kwamba mawe hai nayo ni kalsiamu kaboneti na huweka fosfeti vilevile. Kweli. Sakafu tupu haimalizi ghala. Inalipunguza, na inaacha lile linalofikiwa na mkondo. Hatari halisi iko upande mwingine, na watetezi wa sakafu tupu huinyamazia: njia hii inaweza kufanya kazi kupita kiasi. Mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton walionyesha kuwa naitreti ikizidi huku fosfeti ikikosekana, matumbawe hudhoofika na kupauka kwa urahisi zaidi joto na mwanga vinapopanda. Matangi yaliyosafishwa hadi vipimo visome sifuri pia hushambuliwa mara nyingi na utando wa kahawia wa dinoflajelata. Lakini dawa ya njaa hiyo ni kulisha zaidi, wala haihitaji kurudisha mchanga. Kuongeza fosforasi tangini ni suala la kijiko. Kuiondoa ndiyo kazi. Kati ya mfumo unaokosea kwa upungufu na ule unaokosea kwa kulimbikiza kimyakimya, nachagua ule ambao kosa lake hurekebishika siku hiyohiyo.

Wanaolalamikia umeme nao wana lao: umeme ukikatika, pampu husimama na sakafu tupu haina cha kuiokoa. Lakini wasisahau kwamba bakteria wa mchanga mnene huendelea kula oksijeni pampu zikiwa zimezimika. Kwa upande wa vijidudu sina ubishi. Mchanga hulea minyoo na kopepodi kuliko bamba la plastiki, na samaki mandarini, anayewinda kopepodi mchana kutwa, atakonda katika tangi tupu changa lisilo na kona ya mwani wa kuwazalisha.

Wapo pia viumbe ambao kwao mchanga ni malazi. Macropharyngodon bipartitus, samaki mdogo mwenye madoa anayeishi magharibi mwa Bahari ya Hindi pamoja na pwani yetu, hujifukia mchangani kila usiku, na akitishwa hukimbilia hukohuko. Akiwekwa juu ya kioo hujigonga, hukataa kula, mara nyingi hufa katika wiki za mwanzo. Wafugaji wa sakafu tupu wanaomtaka humwekea bakuli pana la plastiki lenye sentimita 5 hadi 8 za mchanga laini, kwenye pembe ambako mkondo umepungua. Bakuli hilo hutolewa, mchanga ukasuuzwa kwa maji ya bahari yaliyotokana na kubadilisha maji, ukarudishwa kabla ya jioni.