Hesabu Inayorukwa kwenye Video za Kubadilisha Injini za Kwadi

Ukishatazama video mbili tatu za mafundi wa Marekani wakitoa injini ya kwadi aina ya Honda TRX250R na kupachika ile ya pikipiki ya CR500R, utaratibu wao utaujua: fremu inakatwa, vishikio vipya vinachomelewa, kisha vumbi la jangwani. Burudani tosha, sikatai. TRX250R ya 1986 hadi 1989 ina sentimita za ujazo 246. CR500R ina 491. Fizikia ya kutosha? Wao wanaona inatosha.

Kinachoniudhi ni wakifika kwenye mafuta. Kabureta ni ya kizamani, weka injeksheni, basi. Kwa nini? Kimya.

Hebu tupige hesabu wenyewe. Hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta, kasi inapanda na presha inashuka. Tofauti hiyo ya presha ndiyo inayovuta petroli kupitia jeti. Sasa panda hadi Denver, kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Densiti ya hewa imepungua kwa karibu asilimia 15, lakini petroli inafuata kipeuo cha pili cha densiti hiyo, kwa hiyo inapungua kwa takriban asilimia 8 tu. Petroli inazidi, plagi inashika masizi. Hapo injeksheni inashinda kweli, maana sensa inapima na kompyuta inarekebisha.

Mwenye kabureta anaweka jeti ndogo zaidi. Sawa, ila akishuka bondeni bila kuirudisha ya zamani, petroli haitoshi. Na hii ni injini ya mapigo mawili, ambayo oili ya kulainisha pistoni inaingia pamoja na petroli. Yaani oili imepungua wakati huohuo joto linapanda. Injini inanoki. Video inayotaja nguvu farasi bila kutaja hili imekuacha pabaya.

Halafu injeksheni yenyewe inadai pampu ya takriban kilopaskali 300, sensa na umeme wa uhakika. TRX250R inawashwa kwa kiki, betri haina, petroli inateremka yenyewe kutoka kwenye tangi. Kuipima kwa Yamaha Raptor 700R, iliyoanza 2006 ikiwa na injeksheni yake tangu kiwandani, ni kuionea.

Kwa anayeendesha kwenye matuta ya mchanga ya Glamis, California, ambako mwinuko haubadiliki sana, mimi ningebaki na kabureta na kikopo cha jeti.