Fundi wa Feni, Gerezani

Mota ya feni inayopuliza hewa ndani ya pikapu kwa kawaida hukaa nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria, na huendeshwa kwa umeme wa volti 12. Katika mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka Mnazi Mmoja, fundi umeme mzuri haifungui kwanza. Huuliza na kusikiliza. Feni inayofanya kazi kwenye spidi ya juu pekee huonyesha kuwa rezista imeungua, mota ni nzima. Ikiwa kimya kabisa, hukaguliwa fyuzi na rilei, kisha taa ndogo yenye nyaya mbili huchomekwa kwenye soketi ya mota. Taa ikiwaka vizuri na waya wa bodi uko sawa, ugonjwa umo ndani ya mota.

Hapo ndipo ustadi unapostahili pongezi. Kwingine mota ingetupwa. Hapa hufunguliwa, vumbi hupulizwa, kaboni zilizolika hubadilishwa, shaba inayoguswa na kaboni husuguliwa kwa msasa laini, bushi hutiwa mafuta kidogo. Fyuzi ikiungua tena, fundi mwaminifu haweki kubwa zaidi: waya ungeungua badala yake. Kazi huchukua chini ya nusu siku.