Kimchi-jjigae: Mchuzi Mwekundu Ulioniteka

Jamani, kimchi-jjigae! Midomo bado inawaka, paji la uso limelowa jasho, na sufuria nimeipangusa kwa tonge la wali mpaka chini. Wapenzi wa tamthilia za Kikorea mmeuona mchuzi huu mara nyingi: umewekwa katikati ya meza, unatokota, na kila mtu ananyoosha kijiko. Sasa nimeupika mwenyewe, kwenye jiko la kawaida la gesi, na nawaambia sifa zote nilizowahi kuusikia ukipewa hazijaufikia!

Siri yote ni kimchi iliyokaa. Kimchi ni kabichi ya Kichina iliyolainishwa kwa chumvi, ikapakwa pilipili, kitunguu saumu, tangawizi na samaki au kamba wa chumvi, kisha ikaachwa ichachuke. Wakorea huitengeneza kwa wingi kabla ya majira ya baridi, ndugu na majirani wakisaidiana, na kazi hiyo ya pamoja, kimjang, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2013. Ikiwa changa, kimchi hulika hivi hivi, inakwaruza vizuri menoni. Lakini bakteria wa asidi ya laktiki, wa aina inayochachusha pia maziwa, hawalali. Wiki zinapita, sukari ya kabichi inageuka asidi, na inafika mahali kimchi inakuwa chachu kiasi cha kumfanya mtu afumbe jicho. Hiyo ndiyo ya kupikia! Kwenye moto ule uchachu hautoweki, unatulia. Unashika utamu wa kitunguu, unashika mafuta, na mchuzi unapata kina ambacho kwa limau au siki sijawahi kukipata.

Pilipili nayo ina tabia yake. Gochugaru, pilipili ya Kikorea iliyokaushwa na kusagwa chengachenga, ni nyekundu kama kitambaa cha harusi lakini haichomi kama pilipili mbuzi. Ina utamu kidogo, hivyo unaweza kuitia kijiko kizima cha chakula bila hofu. Pilipili ilitoka bara la Amerika, kwao kama kwetu, na tayari mwaka 1614 msomi Yi Su-gwang aliitaja katika maandishi yake. Leo huwezi kuliwaza jiko la Mkorea bila wekundu huo.

Sasa kitoweo. Wengi Korea huweka nyama ya nguruwe, na hapo msomaji wa Unguja au Mombasa huenda ameshaanza kufunga ukurasa. Ngoja! Majumbani kwao kuna kimchi-jjigae ya jodari wa kopo, na si chakula cha kubahatisha: kampuni ya Dongwon ilianza kuwauzia Wakorea jodari wa kopo mwaka 1982, na leo mchuzi huo unapikwa na kila mwanafunzi aliyepanga chumba. Ndio niliopika mimi, na sioni nilichokosa.

Supu ya kuanzia ilinifurahisha kuliko yote. Wao huchemsha dagaa wakavu waliotolewa vichwa na matumbo, ili supu isiwe chungu. Dagaa wa Zanzibar, wanaochemshwa kwa maji ya chumvi kisha kuanikwa juani, wanafaa kabisa, maana ni jamaa wa samaki hao hao. Chemsha kiganja kimoja cha dagaa katika vikombe viwili na nusu vya maji ya mchele, yale ya mkosho wa pili. Msiyamwage tena hayo maji! Wanga wake ndio unaoupa mchuzi uzito. Baada ya dakika kumi, chuja.

Kwenye sufuria nyingine pasha mafuta, tia kitunguu maji nusu na kimchi vikombe viwili iliyokatwakatwa, kaanga bila haraka mpaka kabichi ilainike na kingo zianze kubadilika rangi. Hapa watu hukata kona, na hapa ndipo ladha inapojengwa. Tia gochugaru, kitunguu saumu kilichotwangwa na sukari kijiko cha chai, koroga mpaka mafuta yawe mekundu, kisha mimina supu pamoja na robo kikombe ya maji ya kimchi yenyewe. Funika, moto mdogo, dakika ishirini. Tia jodari, acha dakika kumi, halafu vipande vinene vya tofu na majani ya kitunguu. Dakika tano, epua. Chumvi usiiguse kabla ya kuonja, kwa sababu kimchi na dagaa wameshaileta.

Kuna wanaojaza gochujang, ule uji mzito wa pilipili, mchele wa kunata na soya iliyochachushwa. Naupenda sana kwenye kuku, lakini humu kijiko cha chai kinatosha. Ukizidi, mchuzi unakuwa mtamu na uchachu unafifia.

Na ladha yake! Kijiko cha kwanza ni uchachu, kisha ukali unapanda polepole nyuma ya ulimi, kisha kabichi inayoyeyuka, na tofu laini imenyonya kila kitu. Unapoza kwa wali mweupe, unarudi tena. Wali uwe wa mchele unaoshikana, na usiungwe nazi wala chumvi, kwa sababu kazi yake ni kupokea mchuzi. Mkiwa na chungu cha udongo, pakueni humo, maana Wakorea nao huupeleka mezani kwenye chungu kidogo cha udongo kinachoendelea kutokota.

Mchuzi huu ukilala usiku kwenye friji, asubuhi yake umekolea zaidi. Kwangu huu umeshapita michuzi yote ya kigeni niliyowahi kupika nyumbani, na viungo viwili tu, kimchi na gochugaru, ndivyo vilivyonipeleka kwenye duka la vyakula vya Asia. Vingine vyote ni vya sokoni. Nendeni mkatafute kimchi wiki hii. Mkikuta kopo la plastiki lililokaa sana kwenye friji ya dukani, limevimba kwa gesi na linanukia uchachu hata kabla ya kufunguliwa, chukueni hilo hilo.