Stempu na Jina la Askari

Stempu ni andiko fupi la dola, nayo yafaa kuhakikiwa kama andiko jingine lolote. Mwaka 1916, jeshi la Force Publique la Kongo ya Kibelgiji lilivuka mpaka wa Kivu na kuutwaa mji wa Tabora mwezi Septemba. Stempu za Kongo ziligongwa chapa ya ziada, kwa Kifaransa na Kiholanzi, kutangaza kwamba Ubelgiji imeikalia Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ushindi ulitajwa, waliopigana hawakutajwa. Mwaka 1942, mwaka mmoja baada ya Waitaliano kusalimu amri mbele ya jeshi hilo huko Saio, Uhabeshi, ilitolewa stempu yenye sura ya mpiganaji Mwafrika. Huyu anaonekana, lakini hana jina, wala batalioni, wala vita. Katalogi humwita "Askari". Stempu yenyewe haina neno hata moja la Kiswahili. Wapagazi, ambao bila migongo yao Tabora isingefikiwa, hawamo katika toleo lolote kati ya hayo mawili. Mhakiki wa Goma, mji wa mpaka huohuo, hana budi kuhitimisha kwamba sura isiyo na jina ni pambo la dola, si heshima kwa askari.