“Mfumo Umekataa”: Uhakiki wa Lugha ya Kutambua Hitilafu za Muunganisho wa Hifadhidata baina ya Windows na Linux

1.0 Utangulizi

Katika ofisi nyingi za mikoani, kompyuta za makarani huendeshwa kwa Windows ilhali seva inayotunza hifadhidata huendeshwa kwa Linux. Mpangilio huu una sababu zake: makarani wameizoea Windows, na Linux haidai ada ya leseni. Mifumo endeshi hii miwili inapoelewana, hakuna anayeikumbuka. Inapokosana, tatizo huanzia kwenye waya na mipangilio, lakini hukawizwa na lugha. Makala haya yanahakiki lugha hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba Kiswahili cha kompyuta kimejengewa istilahi za kutaja vitu, lakini hakijajengewa vya kutosha lugha ya kutaja namna vitu hivyo vinavyoshindwa kufanya kazi. Hoja hii inafafanuliwa kupitia kitenzi kimoja kinachosikika kila siku: kukataa.

2.0 Kisa cha Songea

Mtafiti alishuhudia kisa hiki katika ofisi moja inayohudumia wakulima wa mahindi mjini Songea. Jina la ofisi linahifadhiwa. Asubuhi moja, baada ya ruta ya zamani kubadilishwa, programu ya malipo iliyokuwa kwenye Windows ilishindwa kuifikia hifadhidata ya MySQL iliyokuwa kwenye seva ya Linux katika chumba cha pili. Nje, wakulima walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri fedha zao. Fundi aliyeusimika mfumo alikuwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Karani alimpigia simu.

“Kaka, mfumo umekataa.”

“Umekataa kabisa, dada?”

“Umekataa kabisa.”

Kwa jibu hilo, fundi aliamini kwamba seva imepokea ombi na kulikataa, yaani huduma ya hifadhidata imezimika. Aliagiza huduma izimwe na kuwashwa upya. Hali haikubadilika. Akashuku kinga ya mtandao ya seva, akaagiza izimwe. Hali ikabaki vilevile, na kinga hiyo ikasahauliwa kuwashwa hadi jioni. Saa saba mchana alimwomba karani asome namba iliyo mwishoni mwa ujumbe, tarakimu moja baada ya nyingine. Namba ilikuwa 10060. Baada ya dakika chache tatizo likaisha: ruta mpya ilikuwa imeipa seva anwani nyingine, na programu ya malipo ilikuwa ikiendelea kuita anwani ya zamani. Hakuna aliyekataa kitu. Ombi lilikuwa limetumwa mahali pasipo na mtu.

3.0 Aina za Kushindwa

Ili uhakiki huu uwe wa haki, ni lazima kwanza kueleza kile ambacho neno “umekataa” lilikificha. Utaratibu wa kupiga hodi, ambao kila msemaji wa Kiswahili anaujua, unafaa kutumika kama kipimo.

Aina ya kwanza ni kukosa jibu. Mgeni anapiga hodi, anasubiri, hasikii kitu. Huenda nyumba si yenyewe, au mlinzi amemsikia akaamua kunyamaza. Kwenye Windows hali hii hupewa namba 10060. Kwenye Linux, 110. Hapa hukaguliwa anwani, waya na kinga ya mtandao.

Aina ya pili ni kurudishwa mlangoni. Nyumba ndiyo yenyewe na ina watu, lakini mlango uliobishwa hauna wa kuufungua. Windows huandika 10061. Linux huandika 111. Hapa hukaguliwa kama huduma ya hifadhidata imewashwa, kama inasikiliza kwenye mlango sahihi, ambao kwa kawaida ni 3306 kwa MySQL na 5432 kwa PostgreSQL, na kama haijafungiwa kwenye anwani 127.0.0.1. Anwani hiyo humaanisha kwamba seva inajisikiliza yenyewe tu.

Aina ya tatu ni kunyimwa ruhusa. Mwenyeji ametoka, ameuliza jina, kisha amesema mgeni huyu haruhusiwi. MySQL hutoa namba 1045 pale jina au nywila inapokataliwa, na 1130 pale kompyuta anakotokea mtumiaji isipotambuliwa. Katika aina hii mtandao ni mzima; kinachokaguliwa ni akaunti na haki zake.

Aina ya nne ni kutoelewana baada ya kukaribishwa. Programu ya biti 32 haiwezi kutumia kiunganishi cha ODBC cha biti 64. Vilevile, tangu MySQL 8.0 ya mwaka 2018 ilipobadilisha njia ya msingi ya kuthibitisha nywila, viunganishi vya zamani huweza kushindwa hata kama nywila ni sahihi. Aidha, katika mipangilio ya kawaida, jedwali lililoandikwa “Malipo” na lile lililoandikwa “malipo” ni kitu kimoja kwa MySQL iliyo kwenye Windows, lakini ni vitu viwili kwa ile iliyo kwenye Linux.

Makosa haya yote manne huripotiwa kwa simu kwa sentensi ileile: mfumo umekataa.

4.0 Uhakiki wa Istilahi

Ni rahisi kumlaumu karani. Mtafiti anaona kwamba lawama hiyo si sahihi. Katika Kiswahili cha kila siku, kitu chochote kisichofanya kazi hukataa: gari limekataa kuwaka, kufuli limekataa kufunguka. Karani alisema Kiswahili sanifu kabisa. Tatizo ni kwamba kwa fundi, kukataa ni istilahi yenye maana moja finyu, iliyotafsiriwa kichwani mwake kutoka Kiingereza. Wawili hao walitumia neno moja wakidhani wanaelewana, na hilo ni baya kuliko kutumia maneno mawili tofauti, kwa kuwa halimpi yeyote sababu ya kuuliza.

Juhudi za kuijengea kompyuta msamiati wa Kiswahili hazikukosekana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliofanywa kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa programu ya ofisini ya Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mchango huo ni mkubwa na haupaswi kubezwa. Hata hivyo, mjadala wa kitaaluma tangu wakati huo umeelemea nomino: je, tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Hifadhidata au kanzidata? Nywila au nenosiri? Maswali haya yana nafasi yake, lakini hakuna mkulima aliyecheleweshewa malipo kwa sababu ofisi moja ilisema kanzidata na nyingine hifadhidata. Waliocheleweshwa Songea walicheleweshwa na kitenzi.

Kwa mtazamo wa Nadharia ya Skopos, iliyoasisiwa na Hans Vermeer, tafsiri hupimwa kwa lengo lake. Lengo la ujumbe wa hitilafu ni kumwelekeza msomaji mahali pa kukagua. Kwa kipimo hicho, tafsiri kama “muunganisho umeshindikana” ni sahihi kisarufi lakini imefeli kikazi, maana inamwambia mtumiaji kile anachokiona tayari.

5.0 Pingamizi

Wapo mafundi wanaoshikilia kwamba ujumbe ubaki katika Kiingereza ili suluhisho litafutike kwa urahisi kwenye intaneti. Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake ni kuibakiza namba daima. Hata hivyo, namba peke yake haitoshi, kwa sababu kosa lilelile ni 10061 upande mmoja na 111 upande wa pili. Jina moja la Kiswahili, “kurudishwa mlangoni”, lingeziunganisha.

Wengine watasema tuifundishe seva Kiswahili. Hilo ni jema, ila seva isiyofikiwa haiwezi kusema lolote. Ujumbe wa kukosa jibu huandikwa na upande wa mteja, kwenye kompyuta ya karani, na huko ndiko tafsiri inakohitajika zaidi.

Kipimo cha hodi nacho kina mipaka. Hakielezi vizuri tofauti ya biti wala ya herufi kubwa na ndogo. Kinapendekezwa kwa aina tatu za kwanza, zile ambazo karani anaweza kuzitofautisha akiwa kwenye kiti chake.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba pengo la Kiswahili cha kompyuta liko katika vitenzi vya kushindwa. Inapendekezwa kwamba kamusi na miongozo ijayo itenganishe kukosa jibu, kurudishwa mlangoni na kunyimwa ruhusa, na kwamba kila jina liambatane na namba zake za Windows na za Linux. Inapendekezwa pia kwamba fundi anayesikia “umekataa” aanze kwa kuuliza: mwishoni pameandikwa namba gani? Siku ile Songea, swali hilo liliulizwa saa saba mchana. Lingeweza kuulizwa saa mbili asubuhi.