Mishipa Mitatu

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria wanajua thamani ya milimita: tundu la wavu likizidi kidogo, dagaa wanapita wote. Anaijua pia mpimaji wa mimba: katika wiki ya 20, aota ya mtoto, mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, ina upana wa milimita 3 hivi. Anayeipima haigusi. Kati ya mkono wake na mshipa huo kuna jeli, tumbo la mama, mji wa mimba, maji, na kifua cha mtoto asiyetulia, ambaye moyo wake hudunda mara 110 hadi 160 kwa dakika. Watu huisifia mashine ya altrasaundi. Mimi naona sifa ni ya mkono.

Mpimaji huanzia kwenye vyumba vinne vya moyo, kisha hukisogeza kifaa kidogo tu kuelekea kichwani mwa mtoto, hadi mishipa mitatu ijipange mstarini: wa mapafu, aota, na ule unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi. Moyo ukiwa mzima, unene wa mishipa hiyo hushuka kama ngazi, wa mapafu ukiizidi aota kidogo. (Mapafu yenyewe hayajaanza kazi, damu nyingi ya mshipa huo hukatiza kwenye njia ya muda na kuingia aota.) Hapo husimamisha picha na kuweka alama, ukingo wa ndani kwa ukingo wa ndani. Akiukata mshipa mshazari, utaonekana mnene kuliko ulivyo, na nusu milimita katika milimita 3 ni sehemu ya sita nzima. Basi hurudia, akisubiri mtoto ageuke. Lakini jicho hutangulia namba: aota nyembamba kando ya mshipa mnene wa mapafu hutia shaka kwamba mbele imebana; ikionekana mishipa miwili tu, huenda aota na mshipa wa mapafu imebadilishana nafasi. Ulinganisho huo hauhitaji mashine ya kifahari.

Wapo wanaouliza, na wana haki: ya nini milimita hizi, ilhali mama wa kisiwani Ukerewe anahitaji kwanza damu ya akiba, dawa ya malaria na usafiri wa usiku? Sisemi kipimo hiki kitangulie hayo. Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, linapendekeza altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na kwa wengi ndiyo ya pekee. Basi hiyo moja itazame na mishipa. Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Baadhi ya watoto hao hulia kwa nguvu na kunyonya vizuri, kwa kuwa ile njia ya muda ingali wazi. Ikijifunga siku chache baadaye, hali hugeuka ghafla, wakiwa wameshapelekwa nyumbani. Mama aliyejulishwa mapema hupanga kujifungulia Bugando, hospitali ya rufaa iliyo kilimani tangu 1971. Wa Sengerema na Geita, tangu Juni 2025, wana daraja la Kigongo–Busisi badala ya foleni ya kivuko. Ila Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Bugando, na safari hiyo haipangwi mtoto akiwa ameshazidiwa.

Wengine huhofia mama kutishwa bure. Kweli, kipimo kibovu hutisha bure, na tiba yake ni mafunzo. Wanaowanunulia mashine wakazi wa Kanda ya Ziwa, nawaomba watenge pia fungu la kumlipa mwalimu wa kukaa kando ya mpimaji.